Kompyuta ya duka imegoma kuwaka baada ya apdeti, fundi anataka kuifomati

KaratasiNaWino (Busia, upande wa Uganda)

Habarini jamani. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Busia. Mashine yangu ni Dell OptiPlex ya mtumba, ya mezani. Ilikuja na Windows 10, na kwa kuwa haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) Windows 11 ingeikataa. Windows 10 nayo ilikuwa inaachwa Oktoba 2025, basi mpwa wangu anayesoma Kampala akaniwekea Ubuntu 22.04, ya Linux. Diski akaifunga kwa nenosiri, kwa sababu ndani mna mitihani ya shule, na mitihani ikivuja mji huu jina la kwanza kutajwa ni la mchapaji.

Kusema kweli imenitendea mema. Faili za walimu zinafunguka, printa inaitikia, na vile virusi vya flashi za wateja vilivyokuwa vinanitesa vimekwisha.

Jana jioni kidirisha cha apdeti kikatokea, nikakikubali kama siku zote. Kikapakua, kikafika karibu na mwisho, kikatoa ujumbe wa hitilafu wakati nina mtu wa barua ya LC1 (serikali ya kijiji) mbele yangu. Nikafunga duka, nikazima.

Asubuhi nimewasha. Nembo ya Dell inakuja, halafu menyu yenye mandhari nyeusi inayohesabu sekunde 30. Juu kuna "Ubuntu", chini yake "Advanced options for Ubuntu". Nikiiacha inachagua ya juu yenyewe, mistari inateremka mbio, na inakwama hapa:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Baada ya hapo hakuna kitu. Kibodi yangu ni ile ya zamani ya plagi ya duara, na taa yake ya Caps Lock inawaka na kuzima bila kuguswa.

Jambo jingine, sijui kama lina maana: zamani kabla ya kufika popote iliniomba lile nenosiri la diski. Sasa haiombi kabisa.

Fundi wa mtaa wa pili amekuja, hata hakusoma maandishi. Amesema "OS imeoza", nimpe elfu hamsini apige fomati. Mitihani ya P.7 (darasa la saba) ya shule mbili imo humo na mwalimu mkuu mmoja anaitaka Ijumaa. Mpwa yuko kwenye mitihani yake, simu imezimwa. Kuna aliyewahi kuona hili?

---

KijanaWaKatwe

Mama, hiyo ni RAM. Fungua mashine, chomoa RAM, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, rudisha. Mimi nimefufua mashine nyingi hivyo. Badilisha na betri ya CMOS, ile CR2032, ni bei ya soda tu. Ikikataa, weka Windows. Ubuntu ni ya wanafunzi wa chuo.

---

KaratasiNaWino

Ahsante kijana, raba nimetumia, dukani hazikosekani. Hakuna kilichobadilika, maandishi ni yale yale mpaka herufi. Na Windows unayonipa ni ile isiyokubali mashine hii, au ile iliyoachwa? Tuendelee.

---

Mstaafu_Bombo

Dada, usimpe mtu elfu hamsini. Na asiiguse hiyo diski mtu yeyote kwa sasa.

Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema haiombi nenosiri. Nieleze. Linux ikiwaka, GRUB (yenye ile menyu nyeusi) inapakia vitu viwili: kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, faili inayoitwa vmlinuz, na faili ya pili inayoitwa initrd. Hiyo initrd ni mfumo mdogo wa muda. Mna viendeshi vya diski ndani yake, na mna ile programu inayokuomba nenosiri ili diski ifunguke. Kerneli ikipakiwa bila initrd yake, haioni diski yoyote, haina wa kuuliza nenosiri, basi inasema haijui mzizi wa mfumo uko wapi. Zile sifuri mbili mwishoni ndizo zinasema hivyo: hakuna kifaa nilichokiona. Diski iliyokufa ingelalamika kwa namna nyingine, na RAM mbovu kwa kawaida haikwami mahali pamoja kila ukiwasha.

Kwa hiyo apdeti ya jana ilileta kerneli mpya, lakini initrd yake haikutengenezwa. Sababu bado siijui, ingawa naihisi. Kerneli ya zamani bado iko humo na initrd yake nzima.

Washa. Menyu ikija, shuka kwa mshale mpaka "Advanced options for Ubuntu", Enter. Utaona orodha ya kerneli zenye namba, kila moja mara mbili, ya pili imeandikwa "recovery mode". Acha ya juu kabisa. Chagua inayofuata kwa namba, ile isiyo na "recovery mode". Ukiombwa nenosiri la diski, tumeshinda nusu.

Ikiwaka, kabla ya amri yoyote, toa mitihani uiweke kwenye flashi. Halafu fungua terminali (dirisha la kuandika amri), niletee majibu ya hizi:

`uname -r`
`df -h /boot`
`ls /boot`

---

Nyanja_Jinja

Samahani kuingilia. Yangu ni laptopu ya Windows 11, nayo baada ya apdeti inaleta skrini ya buluu inaomba "recovery key" ya BitLocker. Sijawahi kuweka kitu kama hicho. Ni ugonjwa huo huo?

---

Mstaafu_Bombo

Hapana. Yako iko salama, ila imekushuku. Apdeti ikigusa mambo ya kuwasha mashine au BIOS, BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Hata kama hukuuweka wewe, mara nyingi ulihifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu. Kwa simu nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia na akaunti hiyo. Utaona funguo na kitambulisho cha kila moja. Linganisha na kitambulisho kilichoandikwa kwenye skrini ya laptopu. Kama laptopu uliuziwa na mtu, mtafute yeye, inawezekana ufunguo uko kwenye akaunti yake. Ukishindwa fungua uzi wako, tusimchanganye dada.

---

KaratasiNaWino

IMEWAKA! Nilishuka kwenye 6.8.0-78, ikaniomba nenosiri, nikaliandika mikono ikitetemeka, na picha ya mezani ikatokea na mafaili yangu yote. Mitihani iko kwenye flashi mbili sasa, moja iko kifuani kwangu.

Majibu haya:

`uname -r` imesema 6.8.0-78-generic.

`df -h /boot` inasema ukubwa ni 488M, na pale kwenye asilimia ni 100%.

`ls /boot` ni orodha ndefu. Naona vmlinuz za 60, 63, 71, 78 na 79. Nikahesabu initrd.img: 60, 63, 71, 78. Ya 79 haipo. Afande, ulijuaje?

Nikajaribu pia kitu nilichokiona mahali, `sudo apt autoremove`. Kikaanza kutengeneza hiyo ya 79, kikakwama na "No space left on device".

---

Mstaafu_Bombo

Hata apt yenyewe (programu ya kuweka na kuondoa vitu kwenye Ubuntu) imekwama, sikushangaa. Kabla ya kufuta chochote inataka kwanza kumaliza kazi ya jana, na kazi ya jana haimaliziki kwa sababu nafasi hakuna. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakaita mtu wa fomati.

Mpwa wako alipofunga diski aliiacha /boot (mahali pa faili za kuwashia) nje ya kufuli, sehemu yake peke yake, kama ilivyo kawaida, kwa kuwa GRUB inaisoma kabla ya nenosiri. Hakukosea. Ila aliipa nafasi ndogo, na kila kerneli inakula karibu megabaiti mia.

Tunaitafutia nafasi bila kufuta kitu. Hamisha initrd ya zamani kuliko zote, ile ya 60, iende kwenye diski kubwa:

`sudo mv /boot/initrd.img-6.8.0-60-generic /root/`

Hakikisha namba ni 60. Usiguse ya 78, ndiyo uliyoikalia sasa hivi. Kisha:

`sudo dpkg --configure -a`

Hii inamalizia kazi iliyokatika. Tazama mstari unaoanza na "update-initramfs: Generating" na namba 79. Ukiuona na hakuna malalamiko baada yake, maliza na:

`sudo update-grub`

Nayo itataja kila kerneli iliyoikuta. Chini ya vmlinuz ya 79 lazima kuwe na mstari wa "Found initrd image" wenye 79. Ukikosekana, usizime mashine, rudi hapa kwanza.

---

KijanaWaKatwe

Lakini mzee, si angefuta tu hizo faili za zamani kwa `rm`? Mimi ningefuta zote nne tukalala.

---

Mstaafu_Bombo

Ukifuta zote nne, ile moja inayowaka nayo imekwenda, na dada ameshika flashi kifuani. Na ukifuta kwa rm, apt bado inaamini kerneli hizo zipo, kesho inaweza kuzitengenezea initrd upya na umerudi ulipokuwa. Kuhamisha faili moja ni kwa ajili ya kupumua tu. Kufuta kwenyewe aachiwe apt.

---

KaratasiNaWino

Umeme ulikatika kidogo hapa, moyo ukaenda nao. Uliporudi nikaanza tena kwenye 78, nikafuata kama ulivyosema.

`dpkg --configure -a` ilikaa kwenye ule mstari wa Generating muda wa kutosha mtu kuchoka, diski inakoroma. Halafu ikarudi bila neno. `update-grub` ikataja 79, na chini yake initrd ya 79. Nikazima, nikawasha, nikaondoa mikono kwenye kibodi. Menyu haikutokea hata kidogo, ikaja moja kwa moja kwenye nenosiri. `uname -r` sasa inasema 79.

Yule fundi alipita saa ya chakula, akaniuliza nani ameifomati. Nikamwambia hakuna, akaitazama printa inavyotema P.7 Hisabati kwa muda, akaondoka.

Swali limebaki moja. Sasa `sudo apt autoremove --purge` inakubali kwenda, ila inasema haina cha kuondoa, 0. Mbona kerneli nne za zamani bado zipo? Mwezi ujao si itajaa tena?

---

Mstaafu_Bombo

Itajaa, ndiyo. Autoremove inaondoa tu vile vilivyoingia vyenyewe kama mzigo wa kitu kingine. Kilichowekwa na mtu kwa jina lake, inakiheshimu. Angalia:

`apt-mark showmanual | grep linux-image`

---

KaratasiNaWino

Imetoa 60, 63, 71, 78, na moja ndefu isiyo na namba hizo: linux-image-generic-hwe-22.04.

---

Mstaafu_Bombo

Ndiyo hiyo. Pengine mpwa aliziweka kwa mkono, au alitumia programu fulani ya kusasisha inayoziandika hivyo. Mpigie simu akimaliza mitihani, si kwa kumgombeza, ajue tu.

Ile ndefu yenye hwe-22.04 usiiguse. Ndiyo inayokuletea kerneli mpya zenye marekebisho ya usalama, ukiiondoa hutapata nyingine. Hizi nyingine zirudishe kwenye hali ya kawaida:

`sudo apt-mark auto linux-image-6.8.0-60-generic linux-image-6.8.0-63-generic linux-image-6.8.0-71-generic linux-image-6.8.0-78-generic`

Sasa rudia `sudo apt autoremove --purge`. Kabla ya kukubali, soma orodha. Inapaswa kutaja 60, 63 na 71. Ya 79 unayoitumia haitaguswa, na 78 huwa inaachwa kama akiba. Ukiona 78 na 79 zote zimetajwa, jibu n, njoo hapa.

---

KaratasiNaWino

Imetaja tatu tu, nikajibu y. `df -h /boot` sasa ni chini ya nusu. Ile initrd ya 60 niliyohamishia /root niirudishe?

Na afande, ukipita Busia kopi zako ni bure. Ukija na kitabu kizima tutaongea.

---

Mstaafu_Bombo

Usiirudishe, kerneli yake imeshaondoka. Ifute:

`sudo rm /root/initrd.img-6.8.0-60-generic`

Na ununue UPS ndogo (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), hata ya mtumba, mradi betri yake iwe mpya. Safari hii nafasi ndiyo iliyokukwamisha. Umeme ungekatika dpkg ikiwa katikati ya kuandika, tungekuwa tunaongea mengine.