Mjadala: Aliyesomea eksirei aruhusiwe kuandika alichokiona kwenye picha, au kazi yake iishie kupiga tu?

Mtoa mada:
Wakuu habari za muda huu. Mimi nimemaliza diploma ya miaka 3 ya picha za uchunguzi, eksirei na ndugu zake, naleta hii hoja tuijadili bila matusi maana inawagusa wanaosoma, wanaotaka kusoma na nyie wote ambao ipo siku mtalala juu ya ile meza.

Chuoni tunafundishwa fizikia ya mionzi, anatomia mpaka unaota mifupa, namna ya kumuweka mgonjwa, kilovolti ngapi kwenye nyonga na ngapi kwenye kidole, kujikinga na kumkinga mwenzio. Kusoma picha tunagusiwa juu juu. Ukifika kazini unaambiwa hiyo sio kazi yako, ripoti ni ya daktari bingwa wa radiolojia. Sawa, ila bingwa mwenyewe yuko wapi? Hospitali nyingi za wilaya hana hata mmoja, picha inatoka kwenye mashine inaenda moja kwa moja kwa tabibu wa zamu ambaye usiku huo huo ana wodi, ana dharura, ana kila kitu.

Nikiwa fildi, hospitali siitaji, kama saa 7 usiku kaletwa kijana ana kifafa, kaanguka, mkono wa kulia kaukumbatia kifuani, ukijaribu kuuzungusha kwenda nje hauendi hata kidogo na anapiga kelele. Fomu inasema bega, picha moja ya mbele. Tukapiga. Ukiitazama haraka haraka iko safi, hakuna palipovunjika, lakini kichwa cha mfupa wa mkono kilikuwa duara kabisa kama balbu, na kwa kawaida hakikai hivyo, kina kinundu ubavuni. Ile ni dalili ya bega lililotoka kwa nyuma. Degedege la kifafa na shoti ya umeme ndio visababishi vyake vinavyojulikana, na picha ya mbele peke yake inakuficha, lazima upige na ya upande. Nilikuwa nimeisoma wiki hiyo hiyo. Tabibu akaandika hamna shida, kijana akapewa dawa ya maumivu akaondoka. Alirudi baada ya wiki 3 mkono uko vilevile, ndio akapewa rufaa.

Sasa msimamo wangu. Usomaji wa picha za dharura, yaani mifupa na kifua, uwe somo kamili lenye mtihani wake, na baraza letu la wataalamu wa picha hapa Tanzania, lile la sheria ya mwaka 2007, liruhusu aliyefaulu aandike maoni ya awali. Maoni ya awali nimesema, sio ripoti ya mwisho. Siti skani na MRI abaki nazo bingwa. Uingereza walianza miaka ya 1980 kwa kubandika kidoti chekundu tu kwenye filamu yenye walakini ili daktari aangalie mara mbili, baadae wakaanzisha mafunzo ya juu na leo kuna watu wa picha wanaandika ripoti kamili. Na hapa kwetu utrasaundi sehemu nyingi si tunapiga na kuandika wenyewe? Halafu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likasema programu ya kompyuta inaweza kutumika badala ya msomaji binadamu kwenye eksirei ya kifua ya kuchunguza TB kwa walio na miaka 15 na kuendelea. Programu inaruhusiwa, mimi niliyemshika mgonjwa mabega sina ruhusa hata ya mstari mmoja. Karibuni.

Dokta wa wilayani:
Kijana umeandika kwa uchungu na bega la nyuma hata sisi linatupiga chenga, hilo nakubali. Ila elewa kwanini bingwa anasoma miaka 5 ya udaktari, mwaka wa intaneshipu, halafu 3 mingine ya radiolojia. Shida kubwa sio kuuona mvunjiko, ni kwamba ukishauona macho yanaridhika yanaacha kutafuta, unaandika ubavu umevunjika na nyuma ya ule ubavu kuna uvimbe wa pafu umeupita. Na mgonjwa akidhurika nani atajibu, wewe au mimi niliyekuamini? Halafu nikuulize, sheria gani ilikuzuia usimwambie tabibu kwa mdomo siku ile?

Mama wa Moro:
Samahani natoka kidogo nje ya mada, binti yangu kasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, anaitaka hii kozi, shangazi zake wanasema mionzi itamharibia uzazi. Kuna ukweli?

Jirani wa Nakuru:
Huku Kenya mtu anasoma diploma ya miaka 3 pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na swali ni hilo hilo, lakini mimi naona limepitwa na wakati. Picha siku hizi ni za dijitali, unaituma Nairobi bingwa anakurudishia ripoti ukiwa bado na mgonjwa. Wekeni pesa kwa intaneti, msiwaongezee wanafunzi mzigo.

Mtoa mada:
Mama, naanza na wewe. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka ukihesabu miaka 5, na anayefuata taratibu, anasimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi na kuvaa beji yake ya kupimia mionzi, kwa kawaida anapata chini ya hapo sana. Akishika mimba atoe taarifa mapema apangiwe majukumu yanayofaa. Mwache asome, ila aipende fizikia kweli kweli.

Jirani wa Nakuru, kutuma picha naunga mkono asilimia mia, ila bingwa wa Nairobi anasoma kile nilichompigia. Lile bega ningemtumia picha moja ya mbele angeandika nini zaidi ya kuomba ya pili, na wakati anaomba mgonjwa kashapanda bodaboda kaenda kwao? Uamuzi wa kuongeza picha unafanyika pale mezani mgonjwa akiwa bado amevua shati, na ili uamue lazima uwe umeisoma ya kwanza. Kifua pia hivyo hivyo, mgonjwa niliyempigia kitandani kwa mbele moyo unatoka mkubwa kuliko ulivyo, niliyemsimamisha akaegemeza kifua, mashine mita 1.8 nyuma yake, akavuta pumzi akaibana, moyo unatoka kwa kipimo chake. Sisi ndio tunajua ilipigwaje, na nisipoandika kuna mtu atapewa ugonjwa wa moyo asiokuwa nao.

Dokta, hoja ya macho kuridhika ni nzito na sina jibu la kuimaliza, ndio maana nadai somo lenye mtihani na sio ruhusa ya bure kwa kila mwenye cheti, na ndio maana ripoti ya mwisho nimekuachia wewe na bingwa. Kuhusu kusema kwa mdomo, nilisema. Nilimfuata mlangoni nikamwambia dokta hili bega naona kama halijakaa sawa, tuongeze picha ya upande? Akanijibu we mwanafunzi, umeombwa moja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kachoka, na nyuma yake kulikuwa na mama amebeba mtoto anayehema kwa shida. Nikarudi chumbani. Kwenye fomu kulikuwa na jina, umri, namba ya faili, kilovolti tulizotumia na sahihi ya aliyepiga. Hapakuwa na pa kuandika kingine. Wiki 3 baadae alipokuja mwingine akaifungua ile ile bahasha hakuna sehemu iliyomuonyesha kwamba kuna mtu alilitilia shaka lile bega tangu usiku wa kwanza.

Kwahiyo tukishindwa kukubaliana kwenye mengine yote, naomba hata mistari miwili kwenye ile fomu, chini ya sahihi yangu. Walimu wa vyuo mliomo humu semeni, hilo somo mnaweza kulianza mwaka wa ngapi?