Naomba ushauri: hesabu hazilingani, na mhazini ameshahukumiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mwongozo, hasa kwa waliowahi kusimamia fedha za kanisa.

Ni michango ya kinanda cha kwaya. Daftari linasema sh. 480,000, kwenye simu ya mhazini zipo 395,000. Kabla hajaulizwa neno, kundi la WhatsApp lilishamwita mwizi, na yeye mwenyewe yumo humo, anasoma.

Mwenyekiti alimwendea peke yake kwanza, kama Mathayo 18:15, kisha watatu tukakaa naye tukilinganisha daftari na ujumbe wa miamala, mstari kwa mstari. Makato ya 6,500 hayakuwa yameandikwa. Majina mawili, jumla 30,000, yalikuwa ahadi tu: yapo safu ya fedha taslimu, na pembeni kuna herufi "A" ya penseli iliyofutika nusu. Zimebaki 48,500 zisizo na maelezo.

Wengine wanataka atangazwe Jumapili. Naona ni haraka mno. Hata Israeli, walipokusanyika kupigana na ndugu zao kwa sababu ya madhabahu waliyoijenga kando ya Yordani, walimtuma kwanza kuhani Finehasi akaulize (Yoshua 22), na kumbe haukuwa uasi.

Sasa, tumwombe akabidhi daftari kwa muda hadi tumalize kukagua, au hilo nalo litasomeka kama hukumu? Na kwaya tuwaambie nini Jumapili, bila kuficha wala kumchafua?