Ndege ndogo zinakufa uwanja wa Wilson, Nairobi, au ni sisi tunaozeeka?

Mzee wa Hangari: Leo nimehesabu ndege nne za Cessna nyuma ya hangari letu, matairi yamelala, moja ina kiota ndani ya injini. Mafundi tulikuwa kumi na mmoja, tumebaki wanne. Wengine wako Dubai na Doha. Je, serikali isaidie, au tuziache zife?

Mtu wa Kayole: Zife tu. Mwananchi gani alishapanda Cessna? Za matajiri wa Karen hizo. Na msijipe sifa, fundi wa ndege ni fundi wa magari wa Grogan aliyefua ovaroli.

Mzee wa Hangari: Wa Grogan?! Sikiliza, bwana. Injini ya Lycoming ya silinda nne ina plagi nane na magneto mbili za kuzipa umeme wa cheche, moja ikizima nyingine inakufikisha chini. Boliti nikishaikaza naipitishia waya, nausokota, ili ikitaka kulegea waya uivute upande wa kukaza. Kisha naandika namba ya leseni yangu kitabuni. Ndege ikianguka, kitabu hicho ndicho kinachotafutwa. Wa Grogan anatia sahihi wapi?

Spana 14: Mimi ni wa Grogan. Sahihi yangu ni uso wangu. Gari likirudi likivutwa, mwenyewe anajua nilipokaa. Halafu magneto unaringia nini? Na bado mnachoma petroli yenye madini ya risasi, sisi tuliiacha zamani!

Upepo wa Ngong: Kayole, wagonjwa wanaotolewa Turkana na madaktari wa angani ni watu wa Karen? Hao walianza 1957, na wako Wilson. Uwanja wenyewe una jina la mama mmoja Mzungu.

Binti Embakasi: Florence Kerr Wilson, mzee wangu, aliyeanzisha shirika la ndege la Wilson Airways 1929. Jamani, turudi kwenye swali. Kinachoua ni hesabu. Leseni ya urubani wa biashara inataka saa kama 200 hewani, na kila saa inalipiwa. Baba aliuza shamba. Leseni ninayo, nauza mitumba Gikomba. Huko Marekani zinakotoka, 1978 walitengeneza ndege ndogo zaidi ya 17,000. 1994 hazikufika 1,000. Cessna iliacha kuunda za injini moja ya pistoni 1986, kesi na bima zikiielemea, ikarudi baada ya sheria ya 1994 kumwekea mtengenezaji kikomo cha miaka 18 cha kushtakiwa. Sasa hizo za Mzee ni za mwaka gani?

Mtu wa Kayole: Pole kwa shamba, dada. Ila umenisaidia, hata wenyewe zimewashinda.

Mzee wa Hangari: Mbili za 1974, na zingeruka kesho kama kungekuwa na mikono. Huyo Spana bado hajanijibu kuhusu sahihi.

Spana 14: Nimekujibu. Wewe hujajibu la risasi.

Upepo wa Ngong: Grogan walinibadilishia betri nikiwa nimesimama hapo hapo. Mpya ikaondoka, nikapewa nzee.

Spana 14: Huyo hakuwa fundi, ni broka. Tofautisha.

Mzee wa Hangari: Spana, una miaka mingapi?

Spana 14: 26. Kwani?

Mzee wa Hangari: Njoo Jumatatu uone huo waya. Sahihi utaingoja miaka, kuna mitihani, lakini kushika spana hata kesho.

Spana 14: Kwa siku mnalipa ngapi?

Mtu wa Kayole: Nimekaa hapa nangoja jibu.