Ioniq 5 N, Model Y Performance au Macan Turbo: mliokaa nazo nisaidieni

Mtanga_Hamburg

Wakuu, habari za jioni. Nimeamua kuachana na petroli, hapo sina shaka tena. Nimeendesha Subaru za turbo tangu niko Tanga, na hapa Ujerumani nimekaa miaka sita na gari la silinda sita ambalo sasa gia boksi yake inadai pesa kuliko thamani yake. Nataka gari moja tu la familia: mimi, mke, watoto wawili na kigari cha kusukuma cha mdogo. Lakini liwe na nguvu ya kweli. Njia yangu ya kila siku ni barabara kuu ya A7, na mara nne kwa mwaka tunashuka München kwa shemeji, kama kilomita 780.

Nimebakisha matatu.

Hyundai Ioniq 5 N: betri ya uniti 84, farasi 609, na ukibonyeza kitufe chekundu kwenye usukani unapewa 650 kwa sekunde 10. Kutoka 0 hadi 100 ni sekunde 3.4. Mpya ni euro 74,900.

Tesla Model Y Performance, hii iliyotoka 2025: sekunde 3.5, karatasi inasema kilomita 580 kwa chaji moja, karibu euro 62,000.

Porsche Macan Turbo ya umeme: farasi 639, sekunde 3.3, hadi kilomita 591 kwenye karatasi. Mpya inakaribia euro 115,000, kwa hiyo kwangu labda iliyotumika.

Mambo ya sekunde tuyaache, zote tatu zinakimbia kuliko ninavyohitaji. Nataka mtu aliyekaa nayo. Tairi zinakwisha baada ya muda gani? Safari ndefu inakuwaje? Na ukiikamua dakika 20 mfululizo, bado inatoa nguvu ileile?

Fundi_Stuttgart

Mkuu, umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi. Nina Ioniq 5 N, mwezi wa 14 sasa, kilomita 31,000.

Siku hizi kupata farasi 600 kwa sekunde tatu si kazi. Mota inatoa, betri inatoa, umemaliza. Kazi inaanza dakika ya tano, joto linapojaa kwenye betri na mota halina pa kwenda. Hapo kompyuta inaanza kukunyima: leo 600, baada ya kupanda mlima mmoja kwa kasi 450, baadaye 300. Gari halijaharibika, linajilinda. Hyundai walilitengeneza hili wakiwa na Nürburgring kichwani, ile njia ya karibu kilomita 21, na lengo lao lilikuwa lizunguke mara mbili kwa nguvu zote bila kupungukiwa. Ndiyo maana mfumo wake wa kupoza ni mkubwa, na kuna mpangilio unaoandaa betri kabla: mmoja kwa mbio fupi, mwingine kwa mzunguko mrefu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni breki. Diski za mbele ni milimita 400, lakini kwa siku nzima unaweza usiziguse, kwa sababu mota peke yake inaweza kukusimamisha kwa nguvu ya hadi 0.6 g (zaidi ya nusu ya mvutano wa dunia) huku ikirudisha umeme kwenye betri. Nimeshuka milima ya Austria na watu wanne na mizigo. Nilipofika chini nikagusa rimu kwa kiganja. Ilikuwa ya uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai iliyosahaulika mezani.

Sasa ubaya wake. Karatasi inasema kilomita 448. Mimi kwa mwendo wa 130 inakula uniti 26 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo hesabu kilomita 300 kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Kwa mwendo wa 180 inakula 40, na hapo hufiki kilomita 200. Wewe wa A7 ukitoka Hamburg na betri kamili, utasimama maeneo ya Göttingen, kabla ya ile milima ya Kassel. Ila kusimama kwenyewe ni kufupi. Ni ya volti 800, na kwenye chaja ya kilowati 350 inatoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, mradi umeiwekea kituo kwenye ramani mapema ili betri ijiandae. Usipofanya hivyo wakati wa baridi, dakika 18 zinakuwa 40. Hili jambo moja linawafanya watu wengi waliseme gari vibaya.

Tairi ni 275/35 za inchi 21. Seti ya kwanza ilifika kilomita 19,000. Kwa nje zilionekana nzima, na mimi nikaamini macho. Siku ya kubadilisha za baridi nikapitisha mkono upande wa ndani, nikahisi nyuzi za waya zinachoma vidole. Familia yangu ilikuwa imepanda gari hilo wiki iliyotangulia. Tangu siku hiyo kila mwezi nalala chini nakagua.

Mama_Nuru_Berlin

Kaka Mtanga, mimi ni wa Model Y Performance, ya kwanza ile ya 2022 iliyotoka kiwanda cha Grünheide hapa jirani. Watoto watatu, mmoja anacheza mpira, mmoja anapiga fidla.

Nakwambia kwa uzoefu wa mama: buti. Ukihesabu na shimo la chini, Model Y ina lita 854. Ioniq 5 N ina 480. Hicho kigari cha kusukuma, masanduku mawili na kapu la chakula cha njiani haviingii humo bila kugombana na mke. Nenda na kigari chenyewe dukani ukijaribishe, usipige hesabu kwa macho.

Ya pili ni safari. Huku sipangi chochote. Naandika jina la mji, gari linaamua lisimame wapi na dakika ngapi, likifika betri iko tayari. Na inakula kidogo: kwa 130 mimi napata uniti 20 au 21.

Ubaya wa hii yangu ni ugumu. Kwenye mawe ya mitaa ya zamani, mtoto aliyelala anaamka. Nimeendesha ile mpya yenye shokapu zinazojirekebisha, na tofauti ni kubwa mno, sikutegemea. Ukichukua Tesla, usichukue ya zamani kwa kuokoa pesa.

Kuhusu kuikamua, Fundi yuko sahihi. Yangu inapiga vizuri sana mara moja, mbili, tatu. Nikiendelea inachoka. Kwangu si tatizo.

AbuSalim_Muscat

Assalamu alaykum jamaa. Mimi niko Muscat, ninayo BMW iX M60, farasi 619. Haimo kwenye orodha yako, lakini suala la joto nalijua kuliko nyote, maana huku mwezi wa sita saa saba mchana kipimo kinasoma 46 kivulini.

Nilikuwa narudi kutoka Dubai, kama kilomita 450. Nikasimama kuchaji jua likiwa juu ya utosi. Feni za mbele zikaanza kuvuma hata mtu wa dukani akatoka kutazama. Chaja ilianza na kilowati 180, baada ya dakika sita ikashuka 90, ikabaki hapo. Betri ilikuwa imeshachemka njiani, na kiyoyozi cha gari kinapoza watu na betri kwa pamoja. Tangu hapo safari ya kiangazi naianza baada ya Alfajiri au baada ya Isha, basi.

Na kwa anayefikiri gari zito la umeme ni hatari mlimani: kupanda Jebel Akhdar kutoka Birkat al Mouz ni kama mita 1,400 za kwenda juu. Polisi wa pale chini hawaruhusu gari lisilo la 4WD, kwa sababu watu wameunguza breki wakishuka wakafa. Mimi hushuka kwa mota tu. Mara ya mwisho nilianza kushuka na asilimia 41, nikafika chini na 47. Nimeteremka mlima nikapewa umeme, alhamdulillahi.

Kisumu_Minneapolis

Mimi niko upande mwingine wa joto. Januari iliyopita asubuhi moja ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri, waya wa kuchajia ulikuwa mgumu kama mti wa fito. Niko na Ioniq 5 N. Kwa baridi hiyo kilomita 300 zinakuwa 200, na kitufe chekundu ukikibonyeza haupewi kitu mpaka betri ipate joto. Yeyote asiye na mahali pa kuchaji nyumbani usiku asinunue gari hili mahali pa baridi. Nasema hivyo kwa kumaanisha.

Ya pili, ndugu zangu wa Hyundai na Kia msilifiche hili. Kuna kifaa kinachoitwa ICCU, ndicho kinachochaji ile betri ndogo ya volti 12. Kikifa, betri ndogo inaisha na gari linapoteza nguvu ukiwa barabarani. Machi 2024 hapa Marekani magari zaidi ya 147,000 ya Hyundai, Genesis na Kia yaliitwa yarudi kwa ajili hiyo. Ukinunua iliyotumika, uliza kwa maandishi kama kazi hiyo imefanyika.

Na hizi chaja za Tesla tulizofunguliwa sisi wa magari mengine: nyingi ni za volti 400. Gari letu la volti 800 linapata kama kilowati 126 tu pale. Ni nzuri kwa dharura, lakini zile dakika 18 hauzipati.

Fundi_Stuttgart

Kisumu, ahsante kwa hilo la ICCU, nilipaswa kulisema mimi. Fomu ya kazi hiyo muuzaji anaweza kukuchapishia kwa namba ya chasisi, ni dakika mbili.

DadaZuhura_Leicester

Mbona hakuna aliyetaja Kia EV6 GT? Ni ndugu wa damu wa hiyo Ioniq, volti 800 vilevile. Ile ya mwanzo ina farasi 585 na betri ndogo kidogo, uniti 77. Mimi nimenunua iliyotumika kwa karibu nusu ya bei ya mpya. Magari haya ya nguvu yanashuka bei kwa kasi inayouma kwa mmiliki wa kwanza, na sisi wa pili ndio tunaofaidi.

Kwa wa Uingereza: gari la umeme lililosajiliwa kuanzia Aprili 1, 2025 kwa bei iliyozidi pauni 40,000 liliingizwa kwenye ile kodi ya nyongeza ya magari ya gharama, pauni 425 kwa mwaka wakati huo. Lililosajiliwa kabla halimo. Na usiku nachaji kwa peni 7 kwa uniti, wakati chaja za barabara kuu zinadai mara kumi ya hapo. Mwenye kuchaji nyumbani na mwenye kutegemea barabarani ni kama wanamiliki magari mawili tofauti.

Rongai_Motors

Swali kutoka Nairobi. Niko na mteja anataka kuleta Ioniq 5 N iliyotumika kutoka Uingereza, usukani uko kulia na umri haujafika miaka minane, kwa hivyo sheria inaruhusu. Mnaonaje?

Fundi_Stuttgart

Umeme si shida kwenu, usiku kuna bei nafuu ya magari tangu 2023. Shida ni tairi. Ukuta wa 275/35 ni mwembamba kama vidole vinne na gari ni tani 2.2. Shimo moja la Ngong Road baada ya mvua, rimu imekwenda, na saizi hiyo utaagiza nje usubiri wiki kadhaa gari likiwa juu ya mawe. Mteja akiipenda sana, aje na rimu ndogo zinazopita kwenye breki hizo na tairi mbili za akiba. Vinginevyo Ioniq 5 ya kawaida ya 4WD inamtosha kabisa.

Mtanga_Hamburg

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili hizi nimefanya mliyosema.

Macan niliiendesha saa nzima. Ndiyo inayokaa barabarani vizuri kuliko zote, sitadanganya, na usukani wake ni mtamu. Lakini nilipoomba bei ya bima kamili na ya servisi nikaona hiyo pesa ni safari ya familia nzima kwenda Tanga kila mwaka. Nikaifunga hiyo kurasa.

Model Y mpya nilikodi wikiendi. Kigari kiliingia kikiwa hakijakunjwa na mke akasema tumemaliza. Imetulia, haina kelele, haichoshi. Mama Nuru, kila ulichosema ni kweli.

Kisha nikakodi Ioniq. Kigari kiliingia kikiwa kimekunjwa, masanduku mawili, na kapu likapanda siti ya nyuma katikati ya watoto. Asubuhi ya Jumapili nilitoka peke yangu saa kumi na moja, nikawasha zile gia za kuigiza, maana gari lenyewe halina gia za kubadilisha. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini gari linakatika kidogo unapobadilisha, sauti inapanda, unajua uko kasi gani bila kutazama kioo cha dashibodi. Kwenye kona ya tatu nilijikuta nashusha gia kabla ya kuingia, kama nilivyokuwa nafanya barabara ya Lushoto. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke ukweli, na akanielewa. Tumekubaliana kununua boksi la juu ya paa.

Nimepata moja iliyokuwa ya majaribio ya muuzaji, kilomita 9,000. Fomu ya ICCU nimeipata kwa maandishi. Nina chaja ya kilowati 11 nyumbani.

Fundi_Stuttgart

Hongera sana. Kabla ya kusaini, lala chini. Gari la majaribio limepigwa na kila mtu.

Mtanga_Hamburg

Nimelala, nimepitisha mkono zote nne. Mbele safi. Nyuma kushoto ukingo wa ndani hauna ua lolote, ni laini kama kioo, na kulia unaelekea huko. Nilimwita muuzaji naye akainama akagusa. Anafunga mbili mpya za nyuma na kupima mlalo wa magurudumu, kwa gharama yake. Naichukua Ijumaa.