Mjadala: Ruzuku ya TASAF kwa mama mwenye mtoto mdogo, ibaki fedha au igeuzwe unga wa lishe?

Mwanzisha mada:

Ndugu zangu, kuna hoja inayorudi kila tunapozungumzia udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora: kwamba kaya zilizo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), zenye mjamzito au mtoto mdogo, zisipewe tena fedha taslimu, bali unga wa lishe na mafuta kupitia zahanati. Wanaoitetea wanasema fedha inaishia kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mimi naipinga.

Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Tazama sasa wanakoishi: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi, maharage na viazi tunavyokula Dar vinatoka huko. Ukipeleka unga Njombe umepeleka kitu ambacho tayari kipo ndani.

Kisichokuwepo ni muda wa mama. Msimu wa viazi Njombe, au kwenye mashamba ya chai kule Mufindi, mama anatoka alfajiri kwenda kibarua. Mtoto wa miezi 8 anabaki na dada yake wa miaka 7, na uji wa sembe kwenye chupa ya chai. Saa sita dada anauongeza maji ili ufike jioni. Mtoto anajaa tumbo, halii, na hakuna anayeshtuka kwa sababu watoto wa jirani nao wana kimo hichohicho. Kuku wapo uani, lakini mayai ni ya kuuza. Maharage yameshauzwa kulipia mbolea. Mfuko wa unga wenye soya ukifika nyumba hiyo, nani ataupika, na saa ngapi?

Fedha angalau inampa mama uwezo wa kuruka siku mbili tatu za kibarua akabaki na mwanawe. Hilo mfuko wa unga hauliwezi. Na habari ya ulanzi isiwe kisingizio: watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walipitia tafiti za nchi nyingi na hawakuona kuwa ruzuku ya fedha inaongeza matumizi ya pombe na sigara. Kwetu Tanzania, majaribio ya mpango huu Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yalionyesha kaya zikijiunga na bima ya afya, zikiwanunulia watoto viatu na kufuga zaidi.

Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba kaya zinaandikishwa kwa awamu. Binti aliyeshika mimba baada ya orodha kufungwa anasubiri awamu nyingine, na siku 1,000 za kwanza za mtoto, tangu mimba hadi miaka miwili, zinakatika akiwa nje ya orodha. Hapo ndipo tupige kelele. Karibuni.

Mchangiaji, Wanging'ombe (Njombe):

Dada, shikamoo. Nimekusoma hadi mwisho, ila huku kwetu siku ya malipo baba anaijua kuliko mama mwenyewe. Anakaa pale nje ya ofisi ya kijiji anangoja. Mama akitoka, fedha inahesabiwa hapohapo mbele yake. Tafiti za Benki ya Dunia ni nzuri, lakini mimi naongea ninachokiona. Unga wa lishe baba haupeleki kilabuni. Na unga ule nesi anaweza kumpa mama siku ya kupima uzito, akamwonyesha namna ya kuupika. Fedha haina mafundisho.

Mwanzisha mada:

Marahaba kaka. Hilo la baba nalikubali, linauma na linajulikana. Lakini unga ukifika nyumbani unaingia sufuria moja na wote wanakula, baba akiwa wa kwanza kupakuliwa. Mtoto anapata vijiko vitatu. Na siku mtoto huyo akiharisha usiku, mama hana hata nauli ya bodaboda ya kufika zahanati, kwa sababu tumemgeuzia haki yake kuwa mfuko. Kama shida ni baba, malipo yaende kwenye simu ya mama, na baba aitwe kliniki na yeye asikie mtoto wake anatakiwa kula nini.

Mafundisho nayataka pia, tena sana. Siku ya afya na lishe ya kijiji ipo kila robo mwaka, ifanyike kweli, wapike pale pale kwa maharage na mayai ya kijiji hichohicho.

Ila nirudi kwenye muda, maana hukunijibu. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Haifiki mayai matano. Ziongeze, na fedha hiyo ianzishe vituo vya kulelea watoto mchana karibu na mashamba, kama programu ya taifa ya malezi ya mwaka 2021 inavyohimiza. Kituo kimoja, wamama wawili wanaolipwa, jiko na kuku. Huko kwenu Wanging'ombe kipo hata kimoja? Na kama kipo, kinapokea mtoto wa miezi 8, au mpaka afikishe miaka mitatu?