Ooty au Darjeeling? Nataka kupanda treni moja ya kwenye filamu za Kihindi

Kaka_Dito
Habari zenu wanajamvi. Nampeleka mama India kwa matibabu, viza zimeshatoka. Akishamaliza kuonwa na daktari tutabaki na siku chache za kupumzika, na mimi nimekulia kwenye kanda za Kihindi, kwa hiyo sirudi bila kupanda treni niliyoiona kwenye filamu. Nimebaki na mbili. Ya Darjeeling, ile ya Aradhana: Rajesh Khanna yuko kwenye Jeep anaimba, Sharmila Tagore dirishani na kitabu chake. Na ya Ooty, ambayo Shah Rukh Khan na Malaika Arora walicheza juu ya paa kwenye Dil Se. Bajeti ni ya kawaida. Nipande ipi?

Mtoto_wa_Gerezani
Mkuu, umetaja hadi kitabu cha Sharmila ila hujasema hospitali iko mji gani. India si Kibaha. Darjeeling iko kaskazini mashariki karibu na Nepal, Ooty iko kusini kabisa Tamil Nadu. Ukiwa Delhi jibu ni moja, ukiwa Chennai ni jingine.

Fundi_Mataruma
Na mwezi gani? Hilo ndilo kubwa. Darjeeling mvua zinapiga kuanzia Juni hadi Septemba, mlima unaporomokea reli na treni zinasimama. Ooty ni kinyume, mvua zao mbaya ni Oktoba hadi Desemba. Taja mwezi, tuache kubahatisha.

Babu_Malindi
Wanangu, Aradhana ni ya 1969, tuliiona Majestic hapa Unguja. Watu walitoka nje wanapiga mluzi wimbo ule ule wa Kishore Kumar. Dil Se ni ya 1998, ya juzi hiyo. Mwenye kutaka filamu za zamani aende Darjeeling. Reli yenyewe ni ya 1881, nyembamba, sentimita 61 tu kutoka chuma hadi chuma, inapita katikati ya maduka unaweza kununua ndizi bila kushuka.

Fundi_Mataruma
Shikamoo mzee wangu. Sikatai, lakini kwa uinjinia Ooty haina mpinzani. Kutoka Mettupalayam hadi Ooty ni kilomita 46, inatoka mita kama 330 hadi 2,200 juu ya bahari. Kati ya vituo vya Kallar na Coonoor kuna reli ya tatu katikati yenye meno, gurudumu la meno la kichwa cha treni linang'ata pale, maana mlima ni wima: kila mita 12 unapanda moja. Na kichwa hakivuti, kinasukuma kutoka nyuma. Vile vya mvuke vya zamani vilitengenezwa Winterthur, Uswisi. Tena upana wa reli ni mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya Kigoma. Mtanzania atajisikia yuko kwao.

Bi_Chuma_Chakavu
Fundi, wa Kigoma wanakujua? 😂

Bint_Ngamiani
Kaka Dito, kabla hujashawishika na meno ya Fundi nisikilize. Mimi nilienda hiyo ya Ooty nikiwa nauguza. Wakala mmoja akaniuzia tiketi, karatasi nzuri kabisa, jina langu lipo, akasema wewe nenda tu. Nikasafiri usiku na ile Nilgiri Express kutoka Chennai, inafika Mettupalayam alfajiri na treni ya mlima inaondoka saa moja asubuhi. Nafika kwenye behewa, orodha imebandikwa mlangoni, jina langu halipo. Karani wa tiketi akaniwekea kidole kwenye herufi mbili ndogo pembeni ya tiketi: WL. Maana yake nilikuwa kwenye orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni ya namna hiyo isipothibitishwa inajifuta yenyewe. Kuna mabehewa ambayo huwekei nafasi mapema, lakini foleni yake watu walikuwa wamelala pale tangu usiku. Nikapanda basi hadi Coonoor, nikadaka treni pale hadi Ooty. Kipande hicho ni cha dizeli, meno hakuna, moshi hakuna. Wakala hakupokea simu tena. Kwa hiyo tiketi kata mwenyewe kwenye mtandao wa reli wa serikali, dirisha linafunguliwa siku 60 kabla, na zinaisha haraka.

Mtoto_wa_Gerezani
Pole sana dada. Mawakala ni wale wale dunia nzima.

Shabiki_wa_Raj
Mnahangaika milimani bure. Treni ya filamu za Kihindi ni moja tu, ile ya mwisho wa DDLJ (Dilwale Dulhania Le Jayenge), Kajol anakimbia anashikwa mkono. Kituo kinaitwa Apta, upande wa Panvel, Maharashtra. Na treni ya majambazi ya filamu ya Sholay walipiga karibu na Panvel hapo hapo, njia ya Mumbai kwenda Pune, wiki 7 kwa kipande kile tu! Ukienda Panvel umeua ndege wawili.

Bi_Chuma_Chakavu
Apta kuna nini cha kupanda? Utasimama kwenye jukwaa kama unasubiri mzigo.

Fundi_Mataruma
Halafu mzee Babu Malindi asituuzie mbuzi kwenye gunia. Sharmila hakuwemo kwenye treni ile! Alikuwa amebanwa na filamu ya Satyajit Ray, mwongozaji wa Aradhana, Shakti Samanta, akampiga picha zake studio Bombay. Wa Dil Se walicheza juu ya mabehewa treni ikitembea kweli. Na mwongozaji Mwingereza David Lean alikwenda reli hiyo hiyo ya Ooty kupiga A Passage to India ya 1984.

Babu_Malindi
Mwanangu, sisi tulikuwa tunamwangalia Sharmila. Studio, treni, angekuwa jikoni kwake tungelia vile vile.

Kaka_Dito
Samahanini wakuu, nilikuwa safari. Hospitali iko Chennai. Tunaondoka mwishoni mwa Oktoba.

Fundi_Mataruma
Ndiyo hapo sasa. Chennai ni karibu na Ooty kuliko Darjeeling, lakini umeangukia kwenye mvua. Mawe yakishuka wanafunga Mettupalayam hadi Coonoor, na kipande chenye meno ndicho hicho.

Babu_Malindi
Mwezi huo Darjeeling mbingu ni safi, unaona mlima Kanchenjunga. Kuna treni ya mvuke ya kwenda kituo cha Ghum na kurudi, masaa mawili tu.

Bint_Ngamiani
Mzee, na mgonjwa? Ghum ni mita 2,258 na baridi yake. Mama anatibiwa nini, Dito? Kama ni kifua au moyo muulize daktari kwanza, hata kwa Ooty.

Kaka_Dito
Ni goti. Yeye mwenyewe amesema treni hapandi, anataka T. Nagar, mtaa wa maduka hapo Chennai, akanunue vitenge vya hariri.

Bi_Chuma_Chakavu
Hariri ya T. Nagar bei zikoje siku hizi? Nina harusi Desemba.

Shabiki_wa_Raj
Bado nasema Apta. Halafu kuna mwenye nakala safi ya filamu ya Pakeezah? Yangu mluzi wa treni unakwaruza.