Diski ya laptopu ya zamani inagoma: "Access is denied", na akaunti yangu ni ya admini

chogo_mbeya

Wakuu, habari za jioni. Laptopu ya zamani imekufa bodi. Diski yake, SATA ya inchi 2.5 yenye GB 500, nimeitoa nikaitia kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye laptopu mpya yenye Windows 11. Inasoma kama E: na folda nilizotengeneza pale nje zinafunguka bila shida. Tatizo ni E:\Users\Neema, ndimo zilimo picha na nyaraka zote. Nikiifungua inaleta "You don't currently have permission to access this folder". Nikibonyeza Continue, ule mstari wa kijani wa juu unatambaa dakika arobaini, halafu inagoma tena.

Kwenye Settings, chini ya jina langu pameandikwa Administrator. Nimefungua CMD (dirisha la kuandikia amri) nikaandika amri ya kujipa ruhusa:

icacls E:\Users\Neema /grant chogo:F /t

Jibu lake: "E:\Users\Neema: Access is denied. Successfully processed 0 files; Failed processing 1 files".

Kama mimi ndiye admini, kinachonizuia ni nini? Na kuna namna ya kuzitoa hizo faili bila kufomati?

fundi_waya

Mkuu, usifomati, na usibonyeze Continue tena. Ukibonyeza, Windows inapita faili moja baada ya nyingine ikiandika jina lako kwenye orodha ya ruhusa. Kwa diski iliyochoka huko ni kuisulubu bure, na huhitaji.

Akaunti yako ni ya admini, ila hiyo CMD uliyoifungua haina nguvu za admini. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mtu wa kundi la Administrators akiingia kwenye mashine anapewa vitambulisho viwili: cha kawaida na kamili. Programu zote zinatembea na kile cha kawaida mpaka uruhusu kwenye kidirisha cha UAC, kile kinachouliza kama unaruhusu programu ibadilishe mashine. Hakikisha mwenyewe, andika kwenye hiyohiyo CMD:

whoami /groups | find "S-1-5-32-544"

Ukiona mwishoni "Group used for deny only", maana yake kundi limo kwenye orodha lakini halikufungulii mlango wowote. Sasa ifunge. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya matokeo kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kubali. Kidirisha kipya kitakuwa na neno Administrator kwenye kichwa, na kitaanzia C:\Windows\System32 badala ya C:\Users\chogo. Rudia amri ile: safari hii utaona "Enabled group".

Kuhusu folda yenyewe: NTFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski hiyo, haiandiki "Neema" kama mwenye mali. Inaandika namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, iliyotengenezwa na Windows ya mashine ile iliyokufa. Hata ukifungua akaunti mpya ukaiita Neema, namba itakuwa nyingine. Lakini folda za watumiaji kwa kawaida huwa na majina matatu kwenye orodha: mwenyewe, SYSTEM na Administrators. Hilo la tatu ndilo S-1-5-32-544, na namba hiyo ni ileile kwenye kila Windows. Kwa hiyo ufunguo unao tayari. CMD yenye nguvu za admini ikiandika dir E:\Users\Neema itaingia bila kubadilisha ruhusa hata moja.

Basi nakili tu kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili folda nzima, na ruhusa za diski ya zamani ziache zilivyo:

mkdir C:\Zamani

robocopy "E:\Users\Neema" "C:\Zamani\Neema" /E /B /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /TEE /LOG:C:\Zamani\ripoti.txt

Anza na mkdir, la sivyo ripoti inakosa pa kuandikwa. /B inasoma kwa haki ya kufanya bakapu, hivyo hata folda ambayo Administrators wameondolewa kwenye orodha inasomeka. /R:1 na /W:1 usizisahau: bila hizo robocopy hujaribu faili iliyogoma mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, na utadhani mashine imeganda. Nakala zitachukua ruhusa za C:\Zamani, kwa hiyo utazifungua kawaida.

bi_mkunde

Naongezea hapo kwenye /XJ, inayoiambia robocopy iruke viungo, maana watu huiacha halafu inawatokea puani.

Ndani ya E: kuna vitu vinavyoonekana kama folda lakini ni viungo tu: "Documents and Settings", "Application Data", "My Pictures" iliyo ndani ya Documents. Vinakataa kufunguliwa kwa makusudi, vimewekewa katazo la kuorodhesha kwa kila mtu, hata admini. Havina faili ndani. Ukiviona vinasema "Access is denied" usihangaike navyo.

Hatari yake ni kwamba kila kiungo kimebeba anwani kamili. E:\Documents and Settings inaelekeza C:\Users. Ilipokuwa kwenye mashine yake, C: ilikuwa diski hiyohiyo. Leo C: ni ya laptopu yako mpya! Sasa mtu akishauriwa "piga takeown /f E:\ /r kisha icacls" (takeown ni amri ya kuchukua umiliki), amri inaweza kupitia kiungo na kwenda kubadilisha mwenye mali wa folda za mashine nzima. Na ukiondoa lile katazo kwenye Application Data ya ndani ya AppData\Local, unapata folda inayojirudia ndani yake yenyewe, programu za bakapu zinazunguka humo bila kutoka.

Takeown ina kazi yake, ila ielekeze kwenye folda moja unayoijua, kwa mfano E:\Picha. Kwenye C:\Windows na C:\Program Files usiiguse. Faili nyingi za huko ni mali ya TrustedInstaller, akaunti ya Windows yenyewe ya kusakinisha masasisho, na ukimnyang'anya hutaona kosa siku hiyo. Utaliona masasisho yakianza kufeli.

mto_wa_mbu

Samahani kuingilia. Mimi kidirisha cha UAC kinakuja lakini "Yes" imefifia, na hakuna pa kuandika nenosiri. Laptopu nimeinunua mtumba.

fundi_waya

@mto_wa_mbu hiyo ni kesi tofauti: akaunti yako ni ya kawaida na hakuna akaunti ya admini iliyo hai ya kuombwa nenosiri. Andika net localgroup Administrators uone nani wamo. Andika pia dsregcmd /status. Ukikuta "AzureAdJoined : YES", mashine bado imeunganishwa na shirika lililokuwa likiitumia. Rudi kwa aliyekuuzia, wenyewe ndio wa kuiondoa kwenye orodha yao. Ukifomati bila wao kuiondoa, inaweza kukudai akaunti ya kazini mara tu ikiunganishwa na intaneti.

Kama ni NO, shikilia Shift ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu 4. Kwenye Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), akaunti ya Administrator iliyozaliwa na Windows huamka yenyewe iwapo hakuna admini mwingine aliye hai. Ingia nayo, fungua CMD, andika net localgroup Administrators jinalako /add, washa upya. Andaa ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski nzima) wenye tarakimu 48 kabla ya kuanza, unaweza kudaiwa njiani.

chogo_mbeya

Imekubali wakuu, asanteni sana. Picha zote zimefunguka. Ripoti chini inaonyesha FAILED 5. Mbili zimeandikwa ERROR 23 (0x00000017), tatu ERROR 5 (0x00000005), na hizo tatu ni nyaraka za Word zenye alama ya kufuli kwenye ikoni. Nipige takeown kwa hizo tatu?

bi_mkunde

Hapana, takeown haitazifungua. Tuanze na 23: hiyo ni "cyclic redundancy check", sehemu ya diski haisomeki. Ruhusa haihusiki. Diski inaanza kufa, kwa hiyo usiiache imewaka bila kazi, na kama faili hizo mbili ni muhimu rudia robocopy kwa folda zake tu ukiwa na /R:5.

Zenye kufuli zimesimbwa kwa EFS, usimbaji wa Windows wa faili mojamoja. Hakikisha hivi, ukiweka jina halisi la faili:

cipher /c "E:\Users\Neema\Documents\mkataba.docx"

Itakutajia mtumiaji anayeweza kuifungua na alama ya cheti chake. Cheti na ufunguo wake vimo kwenye AppData\Roaming\Microsoft ya Neema, kwenye folda za SystemCertificates, Crypto na Protect, na ufunguo umefungwa kwa nenosiri la Neema la Windows. Ndiyo maana kuwa admini au mwenye mali hakusaidii: ruhusa unayo, ila bila ufunguo huo Windows haiwezi kuisimbua faili, hivyo inajibu ERROR 5.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuitia diski hiyo ndani ya laptopu nyingine inayopokea SATA na kuiwasha kwayo. Kama ina Windows 10, mara nyingi inakubali kuwaka kwenye mashine tofauti, itatafuta dereva kwa dakika kadhaa. Ingia kama Neema kwa nenosiri lake la zamani, bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, Advanced, ondoa tiki kwenye "Encrypt contents to secure data". Nakili hapohapo kwenye flashi. Ukiwa umo, piga pia cipher /x uhifadhi cheti chenyewe kwa faili nyingine utakazozikuta baadaye.

Chonde, kama nenosiri umelisahau usitumie zile flashi za kufuta nenosiri. Windows itafunguka, lakini nenosiri likibadilishwa kwa nguvu ufunguo wa EFS haufunguki tena. Mwulize kwanza Neema.

chogo_mbeya

Nenosiri analo, ameliandika kwenye daftari. Kesho natafuta mashine ya SATA.